Chupa Tupu na Nyumba ya Bwana

Masomo: 2 Wafalme 4:1–7 na 2 Wafalme 12:4–15

Leo tumekuja na jambo ambalo huenda likawafanya wengine watabasamu. Tunataka kuzungumza juu ya chupa tupu za soda na makopo matupu.

Mnajua jinsi ilivyo katika makanisa yetu. Paa linavuja, madawati ya Shule ya Jumapili yamevunjika, au kuna mtoto yatima ambaye karo yake haijalipwa. Wazee wanakaa, wanashauriana, nao wanaona mfuko ni mwepesi. Ndipo kijana mmoja anainua mkono na kusema, “Wazee wetu, kwa nini tusikusanye chupa na makopo katika nyumba zetu, tuyarudishe dukani, na fedha zake ziingie kanisani?” Wengine wanacheka. Wengine wanasema kwamba kuokota chupa ni kazi ya maskini, haiwafai watu wa kanisa. Wengine wanauliza kama fedha ya namna hiyo inaweza kuwekwa mbele za Mungu.

Haifai tuyajibu maswali hayo kwa haraka. Turudi nyuma kwanza tutazame mambo ya zamani: ya Biblia, ya chupa yenyewe, na ya makanisa yetu katika nchi hii ya Kakamega. Tukijua tulikotoka, tutaona vizuri tunakokwenda.

Mjane na vyombo vya majirani

Katika somo la kwanza tunakutana na mama mjane. Mumewe alikuwa mmoja wa wana wa manabii, mtu aliyemcha Mungu, naye amekufa na kuacha deni. Mwenye kudai amekuja, anataka kuwachukua watoto wawili wawe watumwa wake. Mama anamlilia Elisha. Elisha anamwuliza ana kitu gani nyumbani, naye anajibu kwamba hana kitu ila mafuta kidogo tu.

Sasa angalieni, wapendwa, vile nabii alivyofanya. Hakumpeleka yule mama kwa tajiri wa mji apige magoti. Hakumwambia amngoje mkubwa fulani apite na bahasha. Alimtuma kwa majirani zake, akaazime vyombo vitupu, na akamwagiza asichukue vichache. Majirani hawakuombwa mafuta, kwa maana labda hawakuwa nayo. Waliombwa kitu ambacho hata maskini anacho, yaani chombo kitupu. Mama akafunga mlango, akamimina, na watoto wake mwenyewe ndio waliomletea vyombo. Mafuta yakakoma siku vyombo vilipokwisha. Deni likalipwa, na yaliyobaki yakawalisha yeye na wanawe.

Tena tusisahau jambo moja. Vile vyombo vilikuwa vya kuazima. Havikuwa mali ya mjane. Kila kimoja kilikuwa na mwenyewe, na kitu cha kuazima sharti kirudishwe. Tuliweke neno hilo moyoni, kwa maana tutalihitaji baadaye.

Kwetu chombo kitupu hakikuwa takataka

Katika nyumba za baba na mama zetu, chombo kitupu hakikutupwa. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, bidhaa za pwani na za ng’ambo zikaanza kupanda mpaka huku kwetu kwa wingi zaidi. Mafuta ya taa yalikuja katika mabati makubwa. Mafuta yakiisha, bati lile likawa debe: la kuchotea maji, la kuchemshia, la kupimia mahindi. Mpaka leo tunasema debe moja la mahindi, ingawa wengi wa wasemao hivyo hawajapata kuliona lile bati la mafuta ya taa.

Ndivyo ilivyokuwa pia kwa kopo la mafuta ya kupikia la kilo mbili. Likiisha mafuta, likawa gorogoro, nayo gorogoro ikawa kipimo katika masoko yetu yote ya magharibi. Kopo dogo mafundi wa jua kali waliligeuza koroboi, na kwa mwanga wa koroboi watoto wengi walisoma vitabu vyao, na wazee wengi walisoma Biblia zao usiku. Chupa ya soda iliyopotea njia ya dukani ilitiwa maziwa, au asali, au mafuta ya taa. Mama wa Kakamega hakuhitaji kufundishwa na mtu kwamba kitu kitupu kina kazi.

Hata sadaka zetu zilipimwa kwa vyombo hivyo. Siku ya sadaka ya mavuno, mama aliyekuja na gorogoro moja ya maharagwe aliyaleta katika kopo lililokwisha kazi yake ya kwanza. Basi mtu akisema leo kwamba kopo tupu haliwezi kuingia katika nyumba ya Bwana, tunamwambia kwa upole kwamba lilikwisha kuingia zamani sana.

Chupa ina mwenyewe

Sasa tuitazame chupa. Desturi ya kulipa fedha kidogo kwa anayerudisha chupa ni ya miaka mingi. Mwaka 1799 kampuni ya A. & R. Thwaites ya mji wa Dublin, huko Ireland, iliyotengeneza maji ya soda, ilitoa shilingi 2 kwa kila dazeni ya chupa zilizorudishwa. Sababu yake ni nyepesi kueleweka. Kioo kilikuwa ghali kuliko maji yaliyotiwa ndani yake. Mwenye kiwanda aliona ni afadhali amlipe mnunuzi kidogo, kuliko kutengeneza chupa mpya kila mara.

Kwetu Kenya, Coca-Cola ilianza kuuzwa mwaka 1948, na desturi hiyo ikaja pamoja na soda za chupa za kioo. Upande wetu huu wa magharibi, soda nyingi zimetoka katika kiwanda cha Equator Bottlers kilichoko Kisumu. Chupa 24 hujaza kreti moja. Ukinunua soda na kuinywa pale pale dukani, unalipa bei ya soda peke yake. Ukitaka kwenda nayo nyumbani, mwenye duka atakuambia ulete chupa nyingine tupu, au uache pesa ya chupa. Ukirudisha chupa, unarudishiwa pesa yako.

Wengi wetu tulitumwa dukani tungali wadogo, tumeshika chupa tupu mkononi, na mama akituonya tusiivunje njiani. Lakini huenda hatukufikiri maana yake. Maana yake ni kwamba chupa haikuuzwa. Kilichouzwa ni kinywaji kilichomo ndani. Chupa yenyewe ni amana. Tumepewa tuitumie kwa muda, na mwenyewe anaingoja.

Nchi nyingine zimefanya desturi hii kuwa sheria. Jimbo la Oregon, Marekani, lilipitisha sheria yake mwaka 1971, lilipoona barabara na fukwe zake zimejaa chupa na makopo. Makopo na chupa nyingi za soda na bia ziliwekewa amana ya senti 5, na mwaka 2017 zikaongezwa kuwa 10. Sweden ilianza kurudisha makopo ya alumini kwa amana mwaka 1984. Katika nchi kama Kanada na Marekani imekuwa jambo la kawaida vijana wa shule na wa kanisa kupita nyumba kwa nyumba Jumamosi, wakiomba chupa na makopo, kisha kuyarudisha na kuzitumia fedha kwa kazi yao. Wale wanaodhani kwamba ni kazi ya aibu, na wajue kwamba katika nchi zenye mali nyingi kuliko yetu watoto hufundishwa kuifanya kwa furaha.

Dhahabu na mayai

Lakini, wapendwa, hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Makanisa yetu wenyewe yalijengwaje?

Mwaka 1902 vijana watatu Wamarekani wa Kanisa la Marafiki, Willis Hotchkiss, Arthur Chilson na Edgar Hole, walifika Kaimosi, kando ya msitu. Misheni yao iliitwa ya kazi za ufundi, kwa kuwa nia yao ilikuwa kwamba kanisa lijitegemee kwa kazi ya mikono, nao wakaweka kiwanda cha kupasulia mbao kilichoendeshwa kwa nguvu za maji. Mwaka 1905 kazi ya kanisa linaloitwa leo Kanisa la Mungu ilianza Kima, katika Bunyore. Mwaka 1912 Walter Chadwick wa Church Missionary Society alianza kazi Butere, na mwaka 1916 dada yake, Jane Chadwick, akaanzisha pale shule ya wasichana. Kaimosi na Kima leo ziko katika Kaunti ya Vihiga, lakini mpaka mwaka 1990 zilihesabiwa katika Wilaya ya Kakamega, nasi bado tunazitaja kama za nyumbani.

Wageni wale walileta Injili, nao tunawashukuru. Lakini makanisa madogo yaliyoenea vilimani hayakujengwa na wao. Yalijengwa na watu wa vilima hivyo hivyo. Watu walikanda udongo, wakabeba nguzo, wakakata nyasi za kuezeka. Fedha zilikuwa haba, kwa hiyo waliokuwa nazo walitoa senti, na wasiokuwa nazo walileta walichokuwa nacho: yai moja, kuku, mkungu wa ndizi, muwa, gorogoro ya mtama. Baada ya ibada vitu hivyo viliuzwa kwa mnada nje ya kanisa. Yai la mjane lilinunuliwa na mwalimu, na senti za mwalimu zikaingia katika mfuko wa Bwana. Makanisa yetu mengi yanaufanya mnada huo mpaka leo.

Wakati huo huo palikuwa na mali nyingine Kakamega. Mwaka 1931 iligunduliwa dhahabu, na watu wengi wa nje wakaja mbio kuitafuta. Mwaka 1932 sheria ya ardhi ya wenyeji ilibadilishwa ili njia ya wachimbaji iwe nyepesi, na watu wetu waliogopa kunyang’anywa mashamba yao. Mgodi wa Rosterman uliendelea mpaka mwaka 1952, kisha ukafungwa. Tukiuliza leo ile dhahabu iko wapi, hatuwezi kuonyeshwa. Ilikwenda zake. Lakini tukiuliza yale mayai yako wapi, tunaweza kuonyeshwa. Yako katika kuta za makanisa, katika shule zilizoanzishwa kando ya makanisa hayo, na katika watoto waliosoma humo wakawa walimu, wauguzi na wachungaji.

Harambee ilivyogeuka

Uhuru ulipokaribia mwaka 1963, Mzee Jomo Kenyatta alilichukua neno harambee, neno la watu wanaovuta mzigo pamoja, akalifanya mwito wa taifa. Kwetu halikuwa geni, kwa maana kanisani tulikuwa tumekwisha kulivuta gurudumu hilo miaka sitini. Mapema miaka ya 1970 watu wa Mkoa wa Magharibi walichangia chuo chao hapa Kakamega, Western College, ambacho wengi walikiita WECO. Chuo kile ndicho kilichokua mpaka mwaka 2007 kikawa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro. Tumshukuru Mungu kwa kazi hiyo.

Hata hivyo, kadiri miaka ilivyopita, harambee nyingi ziligeuka. Mgeni wa heshima akawa ndiye harambee yenyewe. Watu walingoja afike, hata ibada ikachelewa. Kiti chake kikawekwa mbele, jina lake likatajwa, kiasi chake kikatangazwa kwa sauti kubwa, na makofi yakapigwa. Mama aliyeleta shilingi ishirini alizitia kapuni kimya kimya, na safari nyingine hakuja, kwa kuwa aliona hahitajiki. Yakobo alikwisha kutuonya juu ya jambo hili katika sura ya pili ya waraka wake, anaposema habari za mtu mwenye pete ya dhahabu anayepewa mahali pazuri pa kukaa, na maskini anayeambiwa asimame au akae chini karibu na miguu.

Serikali nayo iliona hatari. Sheria ya maadili ya watumishi wa umma ya mwaka 2003 iliwawekea mipaka katika mambo ya michango. Tarehe 12 Septemba 2021, hapa hapa katika kaunti yetu, huko Butere, Mchungaji Rose Okeno alipowekwa kuwa askofu, mwanamke wa kwanza kuongoza dayosisi katika Kanisa Anglikana la Kenya, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit alisema wazi kwamba wanasiasa wanakaribishwa kuabudu kama watu wengine, lakini mimbari si yao. Na mwezi wa Julai 2024, baada ya vijana wa nchi hii kuandamana na kuuliza fedha zile kubwa zinazoletwa makanisani hutoka wapi, Rais William Ruto alitangaza kwamba watumishi wa umma wasishiriki tena katika harambee.

Basi wapendwa, hapo ndipo penye swali kubwa la mazungumzo yetu. Tukisema kwamba bahasha ya mkubwa haifai, nani atalijenga kanisa? Jibu ni lile lile la mwaka 1902. Litajengwa na wenyewe. Lakini wenyewe hawawezi kulijenga ikiwa hakuna njia ya maskini, ya mtoto na ya mjane kushiriki bila kuona haya. Chupa tupu ni mojawapo ya njia hizo. Anayenunua kreti nzima na anayenunua soda moja siku ya Krismasi wote wana chupa, na chupa ya huyu ni sawa kabisa na chupa ya yule.

Namna ya kufanya

Tusiwadanganye. Chupa hazitaezeka kanisa zima. Tuseme kwa mfano kwamba pesa ya chupa ni shilingi 10, na nyumba 100 za kanisa zimeleta chupa 6 kila moja. Hizo ni chupa 600, yaani kreti 25, nazo ni shilingi 6,000. Si mali nyingi. Lakini ni nyumba 100 zilizoshiriki, na mwezi ujao zinaweza kushiriki tena. Mtume Paulo, katika 1 Wakorintho 16:2, aliwafundisha watu kuweka akiba kidogo kidogo kila siku ya kwanza ya juma. Yeye aliijua nguvu ya kidogo kinachorudiwa.

Kanisa likitaka kufanya kazi hii, na lianze na mwenye duka au wakala wa soda kabla ya kuomba chupa hata moja. Maduka mengi hayatoi fedha kwa chupa ambazo hayakuuza. Lakini wakala huhitaji kreti tupu ili aletewe kreti zilizojaa, kwa hiyo mara nyingi atafurahi kupatana nanyi. Mpatane bei, na aina za chupa anazozipokea, na siku ya kuzipeleka. Jambo hili likiachwa, kanisa litabaki na rundo la chupa chini ya mti.

Kisha na litangazwe majuma mawili mapema. Chupa zioshwe nyumbani. Iliyovunjika mdomo haifai, na iliyotiwa mafuta ya taa haifai, kwa maana harufu yake haitoki. Watoto wasibebe chupa peku, wala wasizoe kioo kilichovunjika. Kazi hiyo ifanywe na watu wazima wenye viatu na glavu. Makopo ya alumini na mabati yawekwe mbali, kwa kuwa hayo huuzwa kwa kilo kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Na mnunuzi huyo awe na leseni, kama Sheria ya Vyuma Chakavu ya mwaka 2015 inavyotaka. Mwezi wa Januari 2022 serikali ilisimamisha biashara hiyo kwa miezi kadhaa kwa sababu watu walikuwa wakiharibu nguzo za umeme na kuziuza. Kanisa lisipokee waya, wala mfuniko wa mtaro, wala kipande cha chuma ambacho hakijulikani kimetoka wapi. Tunapokea makopo, basi.

Sasa tufike kwenye kuhesabu. Somo letu la pili linatuambia kwamba katika siku za mfalme Yoashi watu walikuwa wakitoa fedha za kutengeneza nyumba ya Bwana, lakini mpaka mwaka wa ishirini na tatu wa mfalme makuhani walikuwa hawajaziba mabomoko. Watu walitoa, na nyumba iliendelea kubomoka. Ndipo Yehoyada kuhani akatwaa sanduku, akatoboa tundu katika kifuniko chake, akaliweka kando ya madhabahu, mahali ambapo kila mtu aliliona. Sanduku lilipojaa, hakulifungua mtu mmoja. Walikuja wawili, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu, wakahesabu pamoja, kisha fedha zikaenda moja kwa moja kwa maseremala na waashi.

Nasi tufanye vivyo hivyo. Chupa zihesabiwe na watu wawili wasio wa nyumba moja. Idadi iandikwe katika daftari mbele ya wote. Risiti ya wakala ibandikwe ubaoni. Jumapili inayofuata mweka hazina asome: chupa ngapi zimepokewa, ngapi zimekataliwa, fedha ngapi, na zimenunua nini. Mtoto aliyeleta chupa mbili akiliona dawati jipya, atajua kwamba chupa zake zimo humo. Atakapokuwa mzee wa kanisa hataogopa kuhesabu fedha mbele ya watu.

Swali la chupa za bia

Wako watakaouliza juu ya chupa za bia. Ni swali la haki, hasa katika makanisa yetu ambayo tangu mwanzo yamefundisha watu waache pombe. Nayo imevunja nyumba nyingi katika nchi hii.

Tunasema hivi. Kioo hakina dhambi. Chupa ya bia iliyotupwa njiani, watoto wakapita peku hapo, ni tendo jema kuiondoa. Lakini katika mchango wa kanisa tunashauri zisikusanywe. Sababu si kwamba chupa ni najisi. Sababu ni ndugu yetu aliyeacha kunywa mwaka jana. Tukimpa gunia la chupa zinazonuka bia alibebe mpaka kanisani, tumemsaidia au tumemjaribu? Paulo, katika 1 Wakorintho 8, alikuwa tayari kuacha hata chakula ambacho kwake hakikuwa na ubaya, kama kingemkwaza ndugu. Tena tusimtume kijana kusimama mlangoni pa baa akingoja watu wanywe haraka ili apate chupa. Nyumba ya Bwana isifaidike na ulevi wa jirani.

Chupa isiyo na amana

Jambo la mwisho. Siku hizi chupa ya kioo inapungua, na chupa ya plastiki inaongezeka. Chupa ya plastiki haina pesa ya chupa. Mtu akishakunywa, huitupa, naye huona hana deni kwa mtu. Tunaziona mitaroni, katika Isiukhu na Yala, na maji hayo huenda mpaka Ziwa Victoria. Serikali ilikataza mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, na tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumiwa mara moja zimekatazwa katika mbuga na misitu iliyohifadhiwa. Msitu wetu wa Kakamega ni mmojawapo. Sheria ya mwaka 2022 ya usimamizi wa taka inawataka wenye viwanda wabebe sehemu yao ya mzigo. Hizo zote ni hatua njema.

Lakini Mkristo hangoji sheria ndipo ajue wajibu wake. Bwana wetu alipowalisha watu elfu tano, kama tusomavyo katika Yohana 6, aliwaagiza wanafunzi wavikusanye vipande vilivyobaki ili kisipotee kitu. Yeye aliyeweza kufanya mikate kwa neno hakudharau makombo. Kama yuko mnunuzi wa plastiki kwa kilo karibu nanyi, zikusanyeni nazo, hata kama malipo ni kidogo. Ingawa hakuna aliyeacha pesa kwa ajili yake, ardhi zinapotupwa ina mwenyewe. Zaburi ya 24 yatuambia kwamba nchi na vyote viijazavyo ni mali ya Bwana.

Na hapo ndipo tunapolikumbuka lile neno tulilowaomba mliweke moyoni. Chombo cha kuazima hurudishwa. Chupa ni ya kiwanda, msitu ni wa Bwana, watoto ni wa Bwana, na fedha ya kanisa ni ya Bwana. Hata pumzi yetu tumeazimwa. Siku moja tutamrudishia mwenyewe, naye atatazama kama tumeitunza au tumeivunja njiani.

Basi Jumapili ijayo msimcheke yule kijana atakayeinua mkono. Mwiteni, mkae naye, mpeni daftari na mtu wa pili wa kuhesabu.

Tuombe. Ee Baba yetu wa mbinguni, tunakushukuru kwa wazee wetu waliokuletea yai moja na gorogoro moja, nawe hukuwadharau. Wape makanisa yetu mikono mingi na mioyo minyofu. Mpe mjane nafasi yake, na mtoto nafasi yake, katika kuijenga nyumba yako. Ulinde mfuko wa kanisa na kila tamaa, na utufundishe kutunza ulichotukabidhi mpaka siku ya kukirudisha kwako. Katika jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.